Mafuta ya Usukani

Sijui kukaa kitako. Wanangu hunitania kwamba hata chai nainywa nikitembea, na hawadanganyi. Sura hii yenyewe naiandika vipande vipande, nikiinuka kila baada ya mistari michache kwenda kufunga lango ambalo tayari limefungwa. Mwezi uliopita tulimzika Mzee Koskei, mtu aliyenipa lori niendeshe nikiwa na miaka ishirini na mbili, wakati ambapo kuanzia Sotik hadi Sigor hapakuwa na mwingine ambaye angeniachia hata baiskeli. Nilikwenda mazishini nikiwa na maneno yangu mazuri ya shukrani, nimeyapanga njia nzima. Kisha chini ya hema la pili, kwenye viti vya plastiki, nikamwona Fundi Kamau na mkewe, Mama Njeri. Kamau alikuwa amepungua mwili, shati limemzidi shingoni. Mkewe alikuwa na mkongojo. Sikuwa nimewaona kwa miaka ishirini na minane. Kamau alifukuzwa Sotik na mzee huyo huyo tuliyekuwa tukimzika, kwa kosa ambalo lilikuwa langu, na mimi nilijua ni langu, nikanyamaza. Nilipopewa nafasi ya kuzungumza nilisema mambo ambayo hata siyakumbuki.

Mambo ya ukoo wetu nayaruka, kwa sababu hayana uhusiano na haya. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimechoka kuchuna majani chai. Sikuchoka mikono, nilichoka kusimama mahali pamoja huku magari yakipita barabarani yakienda Kericho, yakienda Bomet, yakienda kokote. Nilijifunza kuendesha kwa kuendesha trekta ya jirani, nikapata leseni, na kila mwenye gari niliyemwendea alinicheka. Mzee Koskei hakucheka. Alikuwa mtu mfupi wa maneno machache, mwenye kofia ya kijivu ambayo hakuivua hata mezani, na alikuwa ameachwa na madereva wawili mfululizo. Aliniangalia mikono, akaniuliza kama naogopa matope, kisha akasema, "Siku ile utaangusha hii lori, unarudi kuchuna. Hakuna siku ya pili." Nilikubali kabla hajamaliza.

Lori lenyewe lilikuwa limebadilishwa mara nyingi hadi hakuna aliyekumbuka lilitoka kiwandani na sura gani. Lilianza kama gari la jeshi. Mzee alilinunua likiwa bovu, akalirefusha chesisi, akajenga juu yake keji ndefu ya mbao na vyuma yenye kulabu za kuning'inizia magunia, maana majani mabichi yakilaliana hupata joto, na yakipata joto kiwanda huyakataa. Halafu, kwa hasira ya kukwama kila msimu wa mvua, akalivalisha mbele magurudumu mapana ambayo hayakuwa yake. Hapo ndipo usukani ulipokuwa mzito hadi madereva wakakimbia. Mmoja aliapa kwamba bega lake lilitoka mahali pake kwenye kona ya kituo cha kukusanyia majani. Aliyeliokoa lile lori ni Fundi Kamau. Alitoa pampu, mabomba na sanduku la usukani kwenye basi lililokuwa limekufa, akachomelea vishikizo vyake mwenyewe, akafunga mkanda kutoka kwenye injini, na kwa mwezi mzima karakana yake ikawa na watu waliokuja tu kutazama lori la jeshi likiwekewa pawa stering ya basi. Siku ya kwanza nilipougeuza ule usukani kwa vidole viwili nilicheka peke yangu ndani ya kebini kama mwendawazimu. Nataka hili lieleweke vizuri: bila kazi ya mikono ya Kamau, Mzee asingeniajiri, na wale waliosema mwanamke hawezi kugeuza lile lori wangekuwa wamesema kweli.

Kamau aliishi na kufanya kazi kwenye ploti ya Mzee, mwisho wa mji wa Sotik. Mbele karakana, nyuma nyumba ya vyumba viwili, na kando yake chumba kimoja cha mabati nilichopewa mimi. Ukuta kati yangu na wao ulikuwa wa mbao zilizopigwa juu ya mianya yake kwa vipande vya bati, kwa hiyo niliwajua kwa kuwasikia: Kamau akikohoa asubuhi, watoto wao wawili wakibishana juu ya nani kamaliza sabuni, Mama Njeri akiimba nyimbo za kanisani kwa Kikikuyu. Chakula cha jioni nilikula kwao. Haikupangwa, siku ya tatu tu Mama Njeri aligonga mbao akasema, "Wewe msichana, unapika nini huko haina hata harufu? Kuja ukule." Meza yao ilikuwa mlango wa basi uliowekwa miguu. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe yenye viazi, au ugali na kabichi, na mimi nikileta maziwa. Kamau alipenda mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, kuliko sisi Wakipsigis wenyewe. Alikuwa amekaa kwetu miaka kumi na miwili, na alikuwa na mazoea ya kunusa kikombe kwanza, kisha kutaja kama kibuyu kilitengenezwa na mama mzee au na mtu mwenye haraka. "Hii ni ya haraka," angeniambia. "Makaa haijashika." Mimi na Mama Njeri tulicheka. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu wakati ule, nikahudumiwa na watu waliovaa glavu, na sijawahi kupata tena hamu ya kula niliyokuwa nayo kwenye ule mlango wa basi.

Sasa kosa lenyewe. Kiungo kimoja cha bomba la usukani kilikuwa kinatoka jasho kidogo, na Kamau alikuwa akisubiri kipuri kutoka Kericho. Alinipa mtungi wa plastiki wenye mafuta mekundu na akanionyesha kitangi chake kilipo. "Dereva, kila asubuhi unaangalia. Ikipungua unaongeza hii peke yake. Na chombo ni hiki, usiweke kwa kitu ingine. Hii kitu inataka usafi kushinda mtoto mchanga." Nilimwelewa. Kwa siku kadhaa nilifanya hivyo hivyo. Halafu nikapelekwa kubeba majani upande wa mbali, nikalala kwa shangazi yangu, na mtungi ukabaki barazani. Jirani yake akauazima bila kuuliza. Mafuta akayahamishia kwenye sufuria na mtungi akautia mafuta ya taa. Niliamka nikakuta sufuria imefunikwa kwa sahani, mtungi unanuka taa, na karani wa kituo ananingoja. Nilikasirika, lakini hasira yangu ilikuwa na akili, au nilidhani hivyo. Mtungi ule sikuuamini tena. Nikatafuta chombo kisafi kuliko vyote nyumbani mle, na kwetu hicho hakihitaji mjadala: ni kibuyu cha maziwa. Shangazi alikuwa na kimoja kilichovunjika mdomo, hakitumiki tena. Nikakisuuza kwa maji ya moto, nikakikausha juani hadi kikawa kikavu kabisa, karani akilalamika, nikamimina mafuta ndani, nikaziba kwa kitambaa safi. Nilijipongeza kwa usafi wangu.

Mtu yeyote wa nyumba ya ng'ombe anajua ndani ya kibuyu mna nini. Tunakisugua kwa kijinga cha mti wa senetwet hadi ukuta mzima wa ndani unavaa unga mweusi wa mkaa, na unga ule ndio unaoyapa maziwa ladha na kuyahifadhi. Miaka nenda miaka rudi unashikana na kibuyu. Maji hayauondoi, maziwa yanauondoa kidogo kidogo tu, na huo kidogo ndio tunaoufurahia. Lakini hakuna aliyewahi kuweka humo mafuta ya mashine, ambayo huubandua. Mimi niliona chombo kisafi kwa sababu nililelewa kukiona kisafi. Asubuhi tatu nilimimina kwenye kitangi, na kwa kuwa nilimimina kabla jua halijatoka vizuri, sikuona rangi.

Siku ya pili usukani ulianza kulia, sauti kama ya ndama aliyefungiwa. Siku ya tatu ulikuwa unakaza kisha unalegea, unakaza kisha unalegea. Nilipaswa kusimama. Lakini nilikuwa na magunia yamejaa hadi kulabu ya mwisho, na Mzee mwenyewe alikuwa ameomba nimbebe kutoka kituoni, ameketi kando yangu na kofia yake, na sikutaka aone lori lina shida mikononi mwangu. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni, pale kona inapojikunja kushoto, usukani ukafa. Haukujifunga kabisa, ulirudi tu kuwa ule usukani wa zamani, na zaidi, nikiwa na mzigo mzima unanisukuma kwa nyuma. Nilisimama juu ya sakafu ya kebini nikauvuta kwa mwili wote. Lori likageuka nusu. Nusu iliyobaki tuliimalizia ndani ya shamba la chai, tukalaza mistari mitatu ya michai, tukasimama kwenye mti wa mgrivea. Mlango wa upande wa Mzee ulibonyea ndani ukamvunja mguu chini ya goti. Watu walikuja mbio kutoka mashambani, na wa kwanza kufika, kabla hata ya kufungua mlango, alisema, "Tulisema hii gari si ya mwanamke." Mzee alikuwa amekunja uso kwa maumivu. Akajibu kwa meno yaliyofungwa: "Wachana na yeye. Ni ile pawa ya fundi imekufa."

Sikuwa nimesema neno. Nilipewa mahali pa kujificha kabla sijatafuta, na kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu.

Lori lilivutwa kwa trekta hadi karakana. Kamau alifungua pampu alasiri ile ile, nikiwa nimesimama karibu, na akamwaga mafuta kwenye karai. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Akachovya vidole viwili, akasugua, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaniangalia.

"Dereva, hii oil ulikuwa unaweka na nini?"

"Na mtungi."

"Mtungi yangu?"

"Eeh. Yako."

Alichukua kitambaa akajifuta vidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. "Haya basi," akasema, akarudi kuinama juu ya pampu.

Siku iliyofuata nilikwenda Longisa hospitalini kumwona Mzee, nikiwa na chupa ya chai na mayai ya kuchemsha. Kulikuwa na wanaume watatu wa jamaa zake karibu na kitanda, na pazia limevutwa. Nikakaa kwenye benchi ya nje kungoja zamu yangu, nikawasikia vizuri. Walizungumza Kikipsigis, bila haraka, kama watu wanaojadili ng'ombe wa kuuza. Mmoja alisema huyo fundi alimfungia Mzee vyuma vya basi lililokufa, na anajua alikuwa anafanya nini. Mwingine akasema watu wa kuja wakipewa mahali pa kulala wanadhani wamepewa na shamba. Mzee aliwaambia wasifike huko. Kisha akasema, "Lakini ile ploti aniachie. Wiki mbili nitakuwa nimerudi nyumbani, nisimkute." Wakauliza, na msichana? "Msichana aliivuta ile lori kwa mikono," alisema Mzee. "Mwingine angetutupa mtoni. Huyo atabaki."

Nilifungua pazia nikaingia na chai. Nikawamiminia wote wanne. Walinishukuru, mmoja akanisifu nguvu za mabega, na Mzee akala yai moja. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi mno, kingeisha kabla chai haijapoa: niliweka mafuta kwenye kibuyu. Niliyatamka moyoni mara nyingi nikiwa nimesimama pale. Lakini niliwaza shamba la chai, kikapu mgongoni, magari yakipita yakienda Kericho na mimi nimesimama. Nilitaka lori kuliko nilivyotaka kuwa mtu mwema. Sina namna nyingine ya kulisema, na nimejaribu nyingi.

Hizo wiki mbili ndizo ndefu kuliko zote nilizoishi. Kamau alipata pampu nyingine, akaifunga, akasafisha mabomba yote, akalirudisha lori barabarani likiwa jepesi kuliko mwanzo, ingawa alikuwa tayari ameambiwa ahame. Hakulalamika mbele yangu. Kazi zake nyingine zilikauka. Habari ya fundi aliyetaka kumuua Mzee Koskei ilifika Bomet kabla ya mimi kufika na magunia. Na mimi niliendelea kula kwao. Ningefanyaje? Kutokwenda kungekuwa kukiri. Nilikaa pale mezani, mguu ukitikisika chini, nikizungumza juu ya matope, juu ya karani, juu ya kitu chochote. Mara nyingine Kamau aliweka kijiko chini, akanitazama kana kwamba nimeanza sentensi na yeye anangoja mwisho wake. Mama Njeri aliniongezea githeri bila kuuliza. Niliosha sahani yangu, nikasema asante, nikarudi chumbani kwangu nikatembea kutoka ukutani hadi mlangoni, hatua nne, na nne nyingine kurudi.

Asubuhi waliyohama sikuwapo. Niliporudi karakana ilikuwa tupu, imefagiwa.

Maisha yangu baada ya hapo yalikwenda vizuri, na hilo linanikera. Niliendesha lori lile miaka sita, nikanunua langu, kisha la pili. Kila mahali nilipofika wanaume waliulizana jina langu kwa heshima. Kamau nilisikia yuko upande wa Molo, kisha Njoro, kisha sikusikia tena. Nilijiambia kwamba nitamtafuta mvua zikiisha. Mvua ziliisha mara nyingi.

Basi, mazishini. Watu walikuwa wamepewa chakula. Nilimshika mkono mtoto wa kwanza wa Mzee, ambaye sasa ndiye mwenye boma, nikampeleka hadi kwenye kiti cha Kamau, na nikasema nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba pampu iliharibiwa na mimi, niliweka mafuta kwenye kibuyu cha maziwa, na baba yake alimfukuza mtu asiye na kosa. Yule mtoto wa Mzee, mwanamume wa miaka hamsini, alinisikiliza kwa adabu na sahani ya wali mkononi. Halafu akacheka kidogo, kwa wema kabisa. "Mama, hiyo ni maneno ya zamani. Hata hiyo lori tuliuza kama chuma. Fundi, umepata nyama?" Akaenda kusalimia wageni wengine.

Kamau hakucheka. Alinionyesha kiti kilichokuwa wazi, nami kwa mara moja maishani mwangu nikakaa.

"Mimi nilijua siku ile ile," alisema. "Mimi nimekunywa maziwa yenu miaka hiyo yote, nisijue makaa ya kibuyu?"

"Na mbona hukumwambia Mzee?"

"Nimwambie nini? Ati si mimi, ni msichana wenu? Nani alikuwa anisikie, miaka hiyo?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaeleza kama alivyonieleza zamani kitangi kiko wapi. "Hiyo maneno ilikuwa itoke kwako. Kwangu ingekuwa matusi. Kwa hivyo nikakungoja. Kila jioni ukifungua mlango namwambia Mama Njeri, leo atasema. Unakula, unaosha sahani, unaenda."

"Hata siku ya kuhama," alisema Mama Njeri. "Vitu zilikuwa juu ya gari saa moja asubuhi. Akakataa tutoke. Akasema pengine umeenda kwa Mzee kwanza, utakuja na yeye. Tukakaa hapo nje hadi saa tisa. Wewe ulikuwa wapi?"

Ningeweza kudanganya, hata wakati huo. Niliwaambia. Nilikuwa nimeegesha lori juu ya kilima, nyuma ya miti ya kiwanda, mahali ninapoweza kuona paa lao. Nililala juu ya usukani, nikainuka, nikatembea kulizunguka lori, nikaangalia chini, gari lao bado lipo, nikalizunguka tena. Sikuelewa kwa nini hawaondoki. Nilikasirika nao. Nilikuwa nawangoja waende ili niweze kurudi.

Kamau aliangalia mikono yake. Mama Njeri alinitazama, akasema, bila kupandisha sauti, "Watoto walilia njaa hiyo siku. Sufuria zote tulikuwa tumefunga."

Nimejilaumu miaka ishirini na minane, usiku na mchana, nikitembea huku na huku. Nilimfikiria Kamau, nilimfikiria Mzee, na zaidi ya wote nilijifikiria mimi. Wale watoto wawili, niliokula nao kila jioni, sikuwa nimewakumbuka hata mara moja.